Ukipunguza mbele, ongeza nyuma

Wiki chache zilizopita niliandika kwamba beki wa kulia wa timu moja ya ligi ya wilaya, kule Iringa, alikosa fainali kwa sababu ya majeraha aliyoyapata mazoezini. Nilikosea, tena kosa la kizembe. Yule dogo hakuumia mazoezini. Aliumia akiwa njiani kwenda mazoezini, na aliyemuumiza hakuwa winga wa timu pinzani wala kiwanja kibovu. Ni cheni ya baiskeli yake.

Leo nasahihisha. Na kwa kuwa najua wasomaji wengi wa kurasa hizi huenda uwanjani kwa baiskeli, au mdogo wao huenda mazoezini kwa baiskeli, naomba leo tuache kidogo habari za usajili tuzungumze jambo hili. Linahusu soka kuliko mnavyodhani.

Anayeijua Iringa anaujua mlima wa Ipogolo. Barabara kuu inapita huko chini, mji uko juu. Dogo anaishi ng'ambo ya Ipogolo, timu yake inafanya mazoezi mjini, kwa hiyo kila jioni ya mazoezi anapanda ule mlima kwa baiskeli ya mtumba, zile za gia zinazotoka Japani. Mbele ina spoketi tatu, nyuma friwili ya meno saba. Muuzaji alimwambia ina gia 21, naye akaamini kanunua ndege.

Siku hiyo alikuwa ametoka nyumbani akichelewa. Akaanza kupanda akiwa kwenye spoketi kubwa ya mbele, miguu ikamgomea, akasukuma kibonyezo cha mkono wa kushoto ili cheni ishuke kwenye spoketi ndogo. Alifanya hivyo huku anakanyaga kwa nguvu zote. Cheni ikaruka spoketi ya kati, ikapita hata ile ndogo, ikaangukia kwenye fremu. Pedali ikazunguka bure kama feni, mguu ukateleza, dogo chini. Bodaboda iliyokuwa nyuma ikamkwepa kwa rehema za Mungu. Goti likavimba. Fainali ikapita.

Nilipokwenda kumwona ndipo akanieleza. Kocha alikuwa ameniambia tu, "Kaumia," nami nikamalizia mwenyewe. Hilo ni langu, nimelibeba.

USHAURI WA AINA MBILI, WOTE MBAYA

Goti lilipopata nafuu nilimsindikiza kwa mafundi. Fundi wa kwanza, kijana mwenye duka zuri tu, aliiangalia baiskeli dakika moja akasema siku hizi hakuna anayeendesha spoketi tatu, dunia nzima imehamia kwenye moja, kwa hiyo anunue seti nzima: krenki mpya, friwili mpya, kibadili gia kipya, cheni mpya, na vibonyezo vyake. Tukauliza bei. Bei ile ingetosha kununua baiskeli nyingine ya mtumba na chenji ya viatu vya mpira ikabaki.

Fundi wa pili alikuwa na dawa ya bei rahisi. Alitaka kung'oa gia zote, mbele na nyuma, aweke spoketi moja na friwili ya jino moja kama baiskeli za Phoenix. "Haitakusumbua tena maisha," alisema. Ni kweli, isingemsumbua. Ingekaa imeegeshwa nyumbani, maana kwa gia moja ngumu ule mlima angeupanda akiwa anaisukuma.

Hapa ndipo nina la kusema. Wazo la kupunguza spoketi za mbele ni zuri. Kwa baiskeli nyingi za mtumba zilizojaa mitaani kwetu, ni tengenezo la maana sana unaloweza kulifanya kwa pesa kidogo. Lakini lina sharti moja, na mtu wa mpira atalielewa haraka: ukipunguza mbele, ongeza nyuma.

Kocha anayecheza 4-4-2 akiamua kubaki na mshambuliaji mmoja, hawezi kumtoa yule wa pili halafu akaishia hapo. Lazima viungo wapande, mabeki wa pembeni wapande, nafasi ile iliyoachwa ijazwe na mtu. Asipofanya hivyo, yule mmoja atabaki peke yake pale mbele kama mlinzi wa usiku. Baiskeli ni hivyo hivyo.

HIZO GIA 21 HAZIPO

Tuanze na hesabu, msiogope, ni nyepesi kuliko ya msimamo wa ligi siku ya mwisho.

Baiskeli ya dogo, kama zilivyo nyingi za aina yake, ina spoketi za mbele zenye meno 28, 38 na 48. Friwili yake ya nyuma inaanza jino 14 hadi 28: yaani 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Ukitaka kujua gia ni nzito kiasi gani, gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Jibu ni idadi ya mizunguko ya tairi kwa kila mzunguko mmoja wa pedali.

Sasa angalia. Spoketi ya 48 na jino la nyuma la 24, jibu ni 2. Spoketi ya 28 na jino la 14, jibu ni 2. Spoketi ya kati, 38, na jino la 18, jibu ni 2 na kidogo. Kwa hiyo muuzaji amekuhesabia gia tatu, mguu wako unahisi moja. Ni kama kusajili viungo wakabaji watatu wanaocheza kwa namna ile ile. Kwenye orodha ni watatu, uwanjani anaanza mmoja.

Halafu ziko gia ambazo hutakiwi kuzitumia kabisa. Cheni ikiwa kwenye spoketi kubwa kabisa ya mbele, upande wa nje, na nyuma iko kwenye jino kubwa kabisa, upande wa ndani, inakaa mshazari. Inasaga, inapiga kelele, inakula meno. Kinyume chake pia, ndogo kwa ndogo, ni hivyo hivyo. Toa hizo, toa zinazofanana, unabaki na chache za kweli.

Je, tukibaki na spoketi ya kati peke yake tunapoteza nini? Hapa lazima tuwe wakweli, maana ndipo mafundi wengi wanaponyamaza. Unapoteza pande zote mbili. Kwa tairi la inchi 26, gia nyepesi kuliko zote ya mwanzo, 28 kwa 28, ilikuwa inasogeza baiskeli kama mita 2.1 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukibaki na 38 mbele, nyepesi yako inakuwa 38 kwa 28, mita 2.8. Mlimani tofauti hiyo si mchezo. Ni uzito wa theluthi nzima umeongezwa miguuni.

Upande wa kasi, gia nzito kuliko zote ilikuwa 48 kwa 14, mita 7.1 kwa mzunguko. Sasa nzito yako ni 38 kwa 14, mita 5.6. Ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika, zamani ulikuwa unafika kilomita 34 kwa saa, sasa utaishia 27. Hiyo ya pili sina huzuni nayo. Nani anakwenda mazoezini kwa kasi ya kilomita 34 kwa saa kwenye barabara yenye bodaboda, mashimo na matuta? Anayekwenda hivyo anahitaji kuonywa, hahitaji gia.

Kinachouma ni upande wa mlima. Na upande huo una tiba, nayo iko nyuma.

WAKUBWA NAO WAMEUMIA

Kabla ya tiba, tuangalie wakubwa wa mchezo wa baiskeli, kwa sababu yule fundi wa kwanza alisema dunia nzima imehamia kwenye spoketi moja. Si uongo mtupu. Baiskeli za milimani za mashindano zilihama zamani. Mwaka 2012 kampuni ya Kimarekani ya SRAM ilitoa mtambo wake wa XX1: spoketi moja mbele, na nyuma meno 11 yanayoanzia 10 hadi 42. Mwaka 2016 wakafikisha meno 12 nyuma, kubwa kabisa likiwa na meno 50, karibu ukubwa wa sahani ya ubwabwa. Mmeona walichofanya? Walipotoa mbele, waliongeza nyuma.

Tena waliongeza mambo mawili ambayo picha haionyeshi vizuri. Meno ya ile spoketi ya mbele yalichongwa moja nene, moja jembamba, kwa zamu, ili yashike pingili za cheni zisichomoke. Na kile kibadili gia cha nyuma kikawekewa kizuizi cha kukaza, cheni isipigepige kwenye mawe. Mfumo mzima ulibadilishwa, haukupunguzwa tu.

Kwenye mashindano ya barabarani mambo hayakuwa laini hivyo. Kulikuwa na timu ya Ireland, Aqua Blue Sport, iliyoanza mwaka 2017. Msimu wa 2018 iliingia barabarani na baiskeli za 3T zilizotengenezwa kwa spoketi moja tu ya mbele. Timu nzima, mashindano ya kila aina, tambarare na milima. Malalamiko yakatoka hadharani, hadi mwenye timu akasema wazi kuwa timu yake imegeuzwa mahali pa kufanyia majaribio. Agosti mwaka huo timu ikatangaza kufunga milango kabla msimu haujaisha. Nisieleweke vibaya: haikufa kwa sababu ya spoketi, mambo ya fedha na wadhamini ndiyo yaliyoimaliza. Lakini somo la baiskeli zile lilibaki. Mwendesha baiskeli wa barabarani anataka gia zinazopandana kwa hatua fupi fupi, ili miguu isipoteze mdundo anapokuwa kwenye kundi. Ukiwa na spoketi moja, aidha utapata hatua fupi ukose gia ya mlima, au upate gia ya mlima hatua ziwe ndefu. Vyote viwili kwa pamoja ni vigumu.

Halafu tazama upande wa pili. Tarehe 27 Mei 2023, Giro d'Italia, siku moja kabla ya mwisho. Primož Roglič wa Slovenia yuko nyuma ya Geraint Thomas wa Uingereza kwa sekunde 26. Mashindano ya wiki tatu, yamebaki kwenye kilomita 18.6 za mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa, zinazoishia juu ya mlima Monte Lussari, mlima ambao ni ukuta. Roglič akaanza na baiskeli ya tambarare, alipofika chini ya mlima akabadili, akapanda baiskeli yenye spoketi moja mbele, na nyuma meno hadi 44. Mbele moja, nyuma ameongeza. Mnaona?

Lakini sikilizeni kilichotokea. Akiwa katikati ya mlima, barabara ikamtikisa, cheni ikadondoka. Ndiyo, ile ile cheni, spoketi ile moja, meno nene na jembamba. Akashuka, akairudisha, akasukumwa akaondoka. Akashinda hatua ile kwa sekunde 40 mbele ya Thomas, na akachukua Giro kwa jumla ya sekunde 14.

Mimi nachukua mambo mawili hapo. La kwanza: mfumo ule ule unaweza kuwa kero kwa timu moja na ubingwa kwa mtu mwingine. Aqua Blue waliutumia kwa kila kitu. Roglič aliutumia kwa mlima mmoja, baada ya kujua ni mlima gani na anahitaji gia ipi. La pili: hata baiskeli ya bingwa inadondosha cheni. Asikudanganye mtu kwamba spoketi moja haiangushi cheni. Inapunguza sababu za kuanguka, haizimalizi.

ALICHOFANYA FUNDI WA TATU

Fundi wa tatu tulimpata kwa kuelekezwa. Mzee wa makamo, anakaa chini ya mwembe na boksi la spana, hana duka. Dogo akamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, cheni imekufanya nini?" Alikuwa ameliona goti kabla ya baiskeli.

Aliuliza maswali ambayo wale wawili hawakuuliza. Unakaa wapi? Unapanda mlima gani? Unabeba nini mgongoni? Unaipenda ile gia kubwa? Dogo akajibu kwamba ile kubwa anaitumia kuteremka tu. Mzee akacheka. "Kuteremka hata gunia la mkaa linateremka, wewe unataka gia ya nini?"

Kisha akafanya kazi hii, naieleza kwa kirefu kidogo ili msomaji naye aweze kumwambia fundi wake.

Kwanza alipima cheni. Pingili 24 za cheni mpya zina urefu wa inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na moja ya nane, cheni imekwisha, na uwezekano mkubwa imeshakula na meno. Ya dogo ilikuwa imepita hapo. Nusu ya tatizo lake lilikuwa hilo. Cheni iliyovutika haikai kwenye jino hata uweke spoketi ngapi. Akasema cheni na friwili zitabadilishwa pamoja, kwa sababu cheni mpya kwenye friwili iliyolika itaruka, na cheni iliyochoka kwenye friwili mpya itaiharibu.

Pili, aliangalia zile spoketi tatu. Kwenye baiskeli za bei kubwa zimefungwa kwa bolti, unaweza kutoa moja moja. Hapo ukitoa ya nje, zile bolti zinakuwa ndefu mno kwa spoketi moja, kwa hiyo unatafuta fupi au unaweka washa, vinginevyo spoketi itacheza. Ya dogo ilikuwa imepigwa riveti, haifunguki. Mzee hakuhangaika wala hakusema inunuliwe krenki mpya. Aliziacha zote tatu pale pale, akachagua cheni ikae ya kati. Ile kubwa ya nje ikawa ukuta: cheni haiwezi kutoka nje, na suruali hailiwi.

Kwa nini ya kati? Kwa sababu iko karibu na mstari mmoja na jino la katikati la friwili. Cheni inakwenda kushoto kidogo, kulia kidogo, haikai mshazari sana. Ukichagua kubwa ya nje kwa sifa, cheni itakuwa mshazari kila ukipanda mlima, yaani pale pale unapokanyaga kwa nguvu.

Tatu, alitoa kibonyezo cha mkono wa kushoto na waya wake. Ila kile kibadili gia cha mbele hakukitoa. Alikiacha juu ya spoketi ya kati, akakaza skrubu yake kisogee pale na kisitoke. Skrubu isipofika, kipande kifupi cha waya kinakishikilia. Kidude kilichokuwa kinaangusha cheni kikageuzwa kuwa mlinzi wa cheni. Huo ni usajili wa bure kabisa: umemchukua mchezaji aliyekuwa anakuumiza, umembadilishia namba.

Nne, ndiyo ile sehemu ya kuongeza nyuma. Aliweka friwili ya meno saba vile vile, lakini ya 14 hadi 34. Meno sita ya kwanza ni yale yale, 14 hadi 24. La mwisho ndilo lililoruka kutoka 28 hadi 34. Rudi kwenye hesabu yetu: 38 gawanya kwa 34 ni 1.12. Mita 2.3 kwa mzunguko. Ile nyepesi ya zamani ilikuwa mita 2.1. Kwa hiyo dogo amerudishiwa karibu mlima wote aliokuwa amepoteza. Amebaki na uzito kidogo tu, kama mtu aliyebeba begi la viatu.

Tano, kabla ya kufunga cheni mpya aliangalia kama kibadili gia cha nyuma kina mkono mrefu wa kutosha kufika kwenye jino la 34. Kilikuwa nao. Vile vya mkono mfupi vinagonga jino kubwa, na hapo lazima ununue kingine. Kisha akapima urefu wa cheni: aliizungusha kwenye spoketi ya mbele na jino kubwa la nyuma bila kuipitisha kwenye kibadili gia, akaongeza pingili mbili, akakata. Usidharau hatua hii. Cheni ikiwa fupi, siku utakapoingiza jino kubwa kabisa itavuta kibadili gia mpaka king'oke na kuingia kwenye njiti za tairi. Wakati huo ujue unaruka juu ya usukani.

Gharama? Friwili moja, cheni moja, na mkono wa mzee. Hakuna krenki mpya, hakuna kibonyezo kipya. Ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile bei ya dukani.

SI KILA MTU AFANYE

Nisije nikasomwa kama mtu anayesema kila baiskeli ing'olewe spoketi. Kama gia zako za mbele zinafanya kazi, zimerekebishwa vizuri, na unazitumia zote, ziache. Timu inayoshinda haibadilishwi.

Anayebeba mzigo mzito mlimani, magunia, mkaa, ndoo za maziwa, ile spoketi ndogo ya meno 28 ni mkombozi wake. Akiipoteza hata hiyo friwili ya 34 inaweza isimtoshe. Huyo afanye kinyume: afundishwe kubadili gia mapema kabla mlima haujaanza, na apunguze nguvu ya mguu wakati cheni inahama. Hata ajali ya dogo ingeweza kuepukwa hivyo. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Anayeshindana barabarani naye apige hesabu yake. Tangu Kigali waandae mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, vijana wengi ukanda huu wamepata moto, na jambo hilo ni jema. Lakini msiige baiskeli ya mtu kwa picha. Muulize njia yake ina milima gani.

Kuna hoja nyingine nimeisikia, kwamba haya ni mambo ya mafundi, yanahusu nini kurasa za michezo? Jibu langu ni goti la yule dogo. Tunaandika kurasa nzima kuhusu majeruhi wa klabu kubwa, nani kafanyiwa kipimo, nani atarudi lini. Huku chini, kwenye ligi za wilaya, mchezaji hana basi la timu. Usafiri wake ni miguu yake na baiskeli. Gia ikiwa nzito mno, magoti ndiyo yanayolipa kila siku kabla hata hajagusa mpira. Cheni ikidondoka mlimani, msimu unaweza kuishia pale.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na yote ni mepesi.

Kwa mafundi na wauza vipuri: mteja akija na kilio cha gia za mbele, muulize anapita wapi kabla ya kumtajia bei. Na ukimtolea spoketi, mwambie anapoteza nini. Kumnyamazia mtu anayekwenda kupanda Ipogolo ni kumtegea.

Kwa makocha wa timu za mitaani: siku moja kabla ya mazoezi, pita kwenye baiskeli za vijana wako zilizoegeshwa pale pembeni ya kiwanja. Vuta cheni kwa kidole pale mbele kabisa ya spoketi. Ikijitenga na meno mpaka ukaona mwanga, imechoka. Mwambie mwenye nayo. Inachukua muda mfupi kuliko kupanga koni.

Kwa wewe msomaji unayekwenda Samora, Kambarage, Kirumba au kiwanja chochote kwa baiskeli: usikurupuke kwa sababu fundi amekwambia ndiyo mtindo wa sasa. Hesabu meno yako ya mbele, hesabu ya nyuma, gawanya. Dakika tano tu. Ukijua mlima wako, utajua kama unaweza kubaki na spoketi moja, na ni friwili gani itakayoziba pengo.

Wiki iliyopita nilimkuta dogo mazoezini. Alikuwa amepanda mlima bila kushuka, na cheni iko mahali pake. Aliniambia ile gia ya mwisho bado anaisikia kwenye mapaja pale kona ya juu, lakini anaimudu. Kwenye timu, kijana aliyecheza fainali badala yake amecheza vizuri, kwa hiyo yeye sasa anakula benchi na itabidi apiganie namba yake upya. Hakulalamika. Alisema tu kwamba fainali ile walifungwa bao kutokea upande wa kulia.